Vidonge vya miaka mitano vimenikausha, na somo yangu kanipa shabu

Kikuba_cha_Juzi (Bububu), Ijumaa, saa 5 usiku

Assalaamu alaykum wenzangu. Naandika saa hizi kwa kuwa bwana kalala barazani, watoto wamelala, na mchana sina uso wa kuliandika hili. Wanaume mliomo humu mnaweza kupita, na mkisoma basi msome kwa heshima.

Mie nina miaka 54, mzaliwa wa Mkoani, Pemba, nimeolewa huku Unguja mwaka wa thelathini huu. Nasomesha skuli ya msingi, darasa la tatu, na mwisho wa wiki napika mikate ya kumimina ya oda. Hedhi ilinikatika nikiwa na 51, bila makeke. Haukupita muda nikagusa kitu kama kokwa ya ukwaju ndani ya ziwa la kushoto, hakiumi, hakisogei. Ikaja kuwa saratani ya titi. Yaliyofuata mnayajua mliopitia: kisu, kemo, nywele kwenye mto, kisha mionzi Ocean Road kule Dar es Salaam, mara 25, nikilala kwa ndugu yangu Temeke. Mionzi ilipokwisha nikapewa letrozoli, miligramu 2.5, kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano. Nyumbani tunaviita "vidonge vya miaka mitano" kama mkopo wa benki. Sasa niko mwezi wa kumi na moja.

Niliambiwa viungo vitauma. Niliambiwa mifupa itapungua nguvu. Niliambiwa joto la ghafla, ingawa Bububu mwezi wa Februari huwezi kujua lipi la vidonge na lipi la Mungu. Ukavu hakuna aliyenitajia.

Ulianza kama mwezi wa tatu hivi. Mwanzo nilihisi kama nguo ya ndani ina mchanga. Nikadhani fangasi, nikanunua dawa ya fangasi, wapi. Sasa nikipanda daladala mpaka Darajani nakaa upande upande kama mtu aliyechapwa. Mkojo unachoma, nimepima mara tatu, mara mbili nikaambiwa ni maambukizi, nikameza dawa, yakaondoka, yakarudi. Na huko chumbani, wenzangu, sitaki kutia chumvi: ni wembe. Mara ya mwisho niliona matone ya damu kwenye kanga. Tangu siku hiyo nikisikia anafunga mlango wa mbele najifanya nimelala. Nimejifanya nimelala mara nyingi hata nimekuwa fundi.

Bwana wangu si mtu mbaya. Ni seremala, mikono yake kama msasa, na mikono hiyo hiyo ndiyo iliyonikosha kidonda nilipokuwa siwezi kunyanyua mkono. Lakini ana masikio, na dada zake wana midomo. Wifi mmoja keshasema mbele yangu, anachambua mchele wala hakunyanyua uso, kuwa mwanamme si boriti ya mkoko akae tu. Wiki ya tatu hii bwana analala barazani. Anasema ndani joto.

Nikaenda kwa somo yangu, yule aliyenifunda nilipoolewa. Sasa ni bibi kizee, kichwa bado kizima. Akanambia "baridi imekuingia". Akanipa shabu, lile jiwe jeupe, niisage, niyeyushe kwenye maji ya uvuguvugu, nijitawazie siku saba, na jioni nijifukize udi juu ya chetezo. Sikufika saba. Siku ya pili nililia chooni na bomba limefunguliwa ili watoto wasisikie. Baadaye ndipo akili ikanijia: shabu tunatumia ya kukaza. Mie nishakauka, nikazwe nini tena?

Mtaniuliza kwa nini simwambii daktari. Daktari wangu wa saratani ni kijana niliyemsomesha darasa la tatu. Nilimfundisha herufi za kuandika kwa kuunganisha. Kila nikienda ananiuliza, "Vipi mwalimu, unaendeleaje?" Nami nasema alhamdulillah. Nitamwambiaje yule mtoto?

Nikazunguka, nikaenda kwa daktari wa kina mama kliniki ya binafsi, akaniandikia krimu ya estrojeni, ile homoni ya kike, ya kutia ukeni. Kufika duka la dawa wakaniuliza natumia dawa gani nyingine. Nilipowatajia wakanirudishia hela: "Mama, hii wewe huiwezi." Sasa nani mkweli?

Basi nauliza. Ukavu huu ni wa vidonge kweli au nina jengine? Kuna kitu cha kutumia kisichoamsha maradhi? Na la mwisho, msinifiche: nikiviacha vidonge mwezi mmoja tu nikapumzika, kuna nini? Wiki iliyopita niliacha siku nne. Sijamwambia mtu.

Tiba_Asili_Mjini, Ijumaa, saa 5 na nusu usiku

Pole bibie. Hiyo ni baridi ya kizazi imechanganyika na jicho. Ninayo dawa ya mizizi na asali, ya kuingiza, siku tatu tu unarudi kigori. Nitafute pembeni.

Nesi_Mstaafu (Wete), Jumamosi, saa 1 asubuhi

Waalaykum salaam mwalimu. Kwanza nimjibu huyu wa mizizi na asali: yakhe, kaa nayo. Mwanamke ana ngozi imechanika, wewe unataka kumtia mizizi. Asali tutaila na mkate.

Mwalimu, mie nilikuwa nesi miaka 31, zaidi wodi ya wazazi, na uliyoyaeleza nimeyasikia kwa minong'ono mara nyingi, karibu kila mara mtu akiwa keshasimama anataka kuondoka, mkono uko kwenye kitasa. Si baridi. Ni kidonge, na kinafanya kazi yake barabara.

Hedhi ikishakatika watu hudhani estrojeni imekwisha mwilini. Haijesha. Mafuta ya mwili na misuli huendelea kuitengeneza kidogo kidogo, wakitumia homoni zinazotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, na anayeigeuza ni kimeng'enya kinachoitwa aromatasi. Letrozoli inamfunga huyo aromatasi mikono. Uvimbe wako ulikuwa unakula estrojeni, ukanyimwa chakula. Ila uke nao unakula sahani hiyo hiyo. Ukinyimwa, ngozi ya ndani inakuwa nyembamba, mikunjo inapungua, unyevu unaondoka, na wale bakteria wema wanaotia uchachu wa kulinda hupungua. Njia ya mkojo ni jirani wa ukuta mmoja, ndiyo maana mkojo unachoma na maambukizi yanarudi. Anastrozoli na eksemesteni ni ndugu wa hiyo yako, hali ni hiyo hiyo. Kwa hiyo mwambie wifi yako, au usimwambie maana hatoelewa, kuwa mtu anaweza kuwa na mapenzi tele na bado akawa mkavu.

Leo hii acha shabu. Acha sabuni ya ndani, acha maji ya mdalasini, ya karafuu, marashi, dettol, yote. Kutawaza ni kwa maji matupu, na nje tu. Udi fukizia nguo na nywele. Somo yako usimgombeze. Dawa hizo ni za kubana watu wenye maji yao, na vidonge hivi havikuwepo alipokuwa anafundwa yeye. Hata wenye maji yao shabu huwachubua, lakini hiyo ni khutba ya siku nyengine.

Sasa cha kutumia. Watu huchanganya vitu viwili. Kuna cha kunyevusha na kuna cha kutelezesha. Cha kunyevusha ni jeli au krimu isiyo na homoni, ya ukeni, unaitia usiku mara mbili au tatu kwa wiki, kuwe na tendo kusiwe na tendo. Ni kama mchicha: humwagilii siku ya kuchuma. Wengi hutumia mara moja, wanaona haikusaidia, wanatupa. Ipe miezi miwili, mitatu. Zilizoandikwa asidi ya hayaluroniki au polikabofili ndizo za namna hiyo. Na usitie ndani tu, paka na mlangoni na midomo ya nje, maana pale ndipo penye kuchoma zaidi.

Cha kutelezesha ni cha wakati ule ule. Jeli ya maji ni salama lakini hukauka upesi, mnaongeza. Ya silikoni hukaa zaidi. Mafuta ya zeituni masafi nayo yanafaa. Kuna utafiti wa Sydney uliochapishwa 2013, wanawake 25 waliotibiwa saratani ya matiti, walitumia mafuta ya zeituni wakati wa tendo, jeli ya polikabofili mara tatu kwa wiki, na mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga, na maumivu yakapungua. Mafuta ya nazi uliyoyapika mwenyewe pia wengi wanayatumia, lakini yawe matupu, si yale ya nywele yaliyotiwa asumini. Ukiwa na tabia ya kupata fangasi uyaangalie. Na anayetumia kondomu asiguse mafuta yoyote, mpira wa kondomu unaharibika.

Hayo mazoezi usiyadharau. Ukiumia mara tatu nne, misuli ya chini hukaza yenyewe kabla hata hujaguswa. Lala chali, magoti juu, vuta pumzi mpaka tumboni, na unapoitoa legeza chini kama unataka kukojoa. Dakika tano, asubuhi na usiku. Mwanzo utajiona mpuuzi.

Na ikiwa panapochoma ni mlangoni zaidi kuliko ndani, muulize daktari habari ya lignokeini, dawa ya ganzi, ile ya maji ya asilimia 4. Unachovya pamba, unaweka pale mlangoni dakika tatu kabla. Oregon, Marekani, waliijaribu kwa wanawake waliopona saratani ya matiti, matokeo yakatoka 2015, na wengi waliweza kukutana na waume zao bila maumivu. Usijinunulie tu, kuna za nguvu tofauti na nyengine zina vitu vya kuwasha.

Yale matone ya damu baada ya tendo yanaelekea ni mchubuko, lakini lazima uangaliwe. Kwa aliyekwisha hedhi damu yoyote ya ukeni haiachwi ikapita, na ile inayokuja yenyewe bila kuguswa ndiyo usilale nayo. Na bado unaweza kuwa na fangasi juu ya ukavu, yote mawili.

Siku nne hazijaharibu kitu. Endelea na kimoja leo, usimeze vinne kufidia. Lakini mwezi usijipe. Na huyo kijana, mwalimu, keshaona maziwa yako na kidonda chako. Lililobaki ni neno tu.

Mchuma_Karafuu (Chake Chake), Jumamosi, saa 8 mchana

Shoga yangu nimesoma nikacheka pale kwenye fundi wa kulala, kisha nikalia. Mie nina miaka 44 na niko kwenye tamoksifeni, miligramu 20 kwa siku, mwaka wa tatu. Hii si ndugu wa ile yako. Mie mwanzo nilipata kinyume: majimaji mpaka nikawa nabadilisha nguo adhuhuri. Ukavu ukaja baadaye, pole pole, na mkali kidogo kuliko kawaida lakini si wembe kama wako. Nilivyoelezwa, tamoksifeni inaifungia estrojeni mlango kwenye ziwa, lakini kwenye kizazi inajifanya estrojeni yenyewe. Ndiyo maana nimeonywa kila siku nikiona damu nisiyoitegemea niende mbio, kwa khofu ya ukuta wa kizazi.

Jeli yangu ya kunyevusha huku sikuipata. Mtoto wa dada yangu yuko Maskati, ananitilia mbili tatu kwenye sanduku kila wakija watu. Alipotuma mara ya kwanza alimpa mjomba alete bila kumwambia ni nini, na mjomba akaifungua mbele ya wageni akidhani dawa ya meno. Wallahi sikuonekana kwa wiki.

Nataka nikwambie mawili ambayo bi nesi hakuyasema. La kwanza, Ramadhani. Sisi Mashafii kinachoingizwa huko ndani mchana kinafunguza, basi mie yangu natia baada ya tarawehe nikishajiandaa kulala. Mwalimu wangu wa chuo mwanamke nilimuuliza bila haya akanijibu bila haya. Na kidonge nameza daku. Ni kimoja kwa siku, hakikatazi saumu ya mtu kama mwili wenyewe unaweza.

La pili, tulifanya mkataba na bwana. Miezi miwili hakuna kuingia. Hakuna kabisa, hata nikisema mwenyewe niko tayari. Kulala mkono wake chini ya shingo yangu, kupakana mafuta miguu, kuzungumza upuuzi wa zamani. Kabla ya hapo nilikuwa hata akinishika bega nakuwa gogo, maana bega najua linakwenda wapi. Mkataba ulipokuwepo bega likawa bega. Na ilipofika siku ya siku, mie ndiye niliyeanza.

Kuna siku bado inauma. Tunaacha, tunalala.

Mfamasia_Kaunta (Unguja), Jumamosi, saa 3 usiku

Mwalimu, mimi si yule aliyekurudishia hela lakini ningeweza kuwa yeye. Umeuliza nani mkweli. Wote wawili wana nusu.

Estrojeni ya kutia ukeni ina dozi ndogo na sehemu kubwa hubaki pale pale, lakini kidogo huingia kwenye damu, hasa wiki za mwanzo ngozi ikiwa nyembamba. Kwa mwanamke mwengine aliyekwisha hedhi hicho kidogo si kitu. Kwako wewe, ambaye letrozoli inajitahidi kuifikisha estrojeni karibu na sifuri, hata hicho kidogo ni hoja. Denmark waliwafuatilia wanawake 8461 waliotibiwa saratani ya matiti, matokeo yakatoka 2022: kwa jumla estrojeni ya ukeni haikuongeza kurudi kwa saratani, lakini kwenye kundi la waliokuwa wakinywa vidonge vya aina yako kurudi kulionekana kuongezeka, ingawa vifo havikuongezeka. Mwaka 2023 ukatoka mwengine wa Scotland na Wales, wanawake zaidi ya elfu 49, na waliotumia estrojeni ya ukeni hawakuonekana kufa zaidi kwa saratani ya matiti kuliko wasiotumia. Kwa hiyo si sumu kama tulivyokuwa tunafundishwa, na pia si ya kuandikiwa na mtu asiyejua unameza nini.

Utaratibu unaokubalika ni huu: mwanzo zisizo na homoni, na kwa uaminifu, si wiki moja. Zikishindwa, daktari wa saratani na wa kina mama wakae pamoja, mgonjwa akiwepo. Anayetumia tamoksifeni nafasi yake ni pana zaidi, kwa sababu tamoksifeni imekaa mlangoni hata kama estrojeni kidogo ikipita. Kwa wa letrozoli, njia moja wanayoifikiria madaktari ni kumhamishia kwenye tamoksifeni, ikiwa hana historia ya damu kuganda na aina ya uvimbe wake inaruhusu. Hilo si la kuamuliwa kaunta wala humu.

Kuhusu vilainishi, nasema la kazini kwangu. Mnakumbuka 2016 Wizara ya Afya ya Bara ilipotangaza kuzuia vilainishi kwa hoja ya ukimwi na mashoga. Afya si jambo la Muungano, lakini soni haina mpaka wa bahari. Mpaka leo mama wa miaka sitini akiuliza jeli anauliza kama anaomba bangi, na wapo wauzaji wanaomtazama hivyo hivyo. Uliza tu. Ukiona haya andika kwenye karatasi.

Kwenye boksi soma. Epuka zenye harufu, zenye ladha, zinazojinadi kupasha moto. Zenye glisirini nyingi huchoma ngozi iliyochubuka, na zilizo nzito mno hunyonya maji ya ngozi badala ya kuyaongeza. Shirika la Afya Duniani linataka kipimo cha uzito huo, osmolaliti, kisizidi 1200, na bora zaidi kikiwa chini ya 380. Boksi nyingi haziandiki, najua. Jaribu kidogo upande wa nje kwanza, ngoja usiku mmoja.

Na ukikutana na tangazo la leza ya kurudisha ujana ukeni, hifadhi fedha zako. Marekani mwaka 2018 mamlaka yao ya dawa ilionya kuhusu mashine hizo kwa sababu ya watu kuungua na kubaki na makovu.

Baba_Watatu (Makunduchi), Jumapili, saa 12 asubuhi

Bi mwalimu, ulisema tupite. Samahani, mimi nilisoma mpaka mwisho.

Mke wangu alikuwa na maradhi hayo hayo na vidonge hivyo hivyo. Mimi nilikuwa huyo wa barazani. Nikijua ananichukia, au amemaliza na mambo hayo, na nikaona kuuliza ni kumdai. Nikahama ili asione namdai. Yeye kule ndani akajua nimemchoka kwa sababu ya ziwa. Miezi sita, nyumba moja.

Aliyenitoa hapo ni mke wa ndugu yangu. Akanambia kwa ukali, barazani pale pale, "Anaumia, mjinga wewe." Ndiyo yote aliyosema. Hakuna aliyenambia kabla kuwa dawa inaweza kufanya hivyo. Ningeambiwa siku ile ya vidonge, tukiwa wawili mbele ya daktari, ningebeba mzigo huo kama nilivyobeba mengine.

Mpe asome hapa ulipoandika. Mtu aliyekosha kidonda hatoshindwa kusoma.

Kikuba_cha_Juzi (Bububu), wiki nne baadaye

Wenzangu, nilipotea kwa mitihani ya watoto. Nimerudi kutoa ripoti kama nilivyolelewa.

Nilishindwa kusema, nikaandika. Karatasi ya daftari, pande moja, kila kitu mpaka shabu na zile siku nne. Nikampa yule kijana nikageuza uso dirishani, kuna mwembe pale nje, nikahesabu maembe. Akasoma kimya. Kisha akanambia, "Mwalimu, ningekuuliza mimi mwanzo. Hili ni langu, si lako." Akamwita nesi mwanamke mtu mzima aniangalie. Kukakutwa fangasi juu ya ukavu, kama alivyosema bi nesi wa Wete, na mchubuko mahala pawili. Krimu ya estrojeni akasema tuiweke kando, tujaribu isiyo na homoni miezi mitatu, tukishindwa ataongea na mwenzake na tutazungumza habari ya kubadilisha kidonge. Lignokeini ataiulizia, ile ya maji. Akayaandika yote nyuma ya karatasi yangu. Mwandiko wake umeharibika, hauungani hata kidogo, nilijizuia.

Jeli niliiomba kwa karatasi, Mfamasia, ahsante. Msichana wa kaunta aliisoma, akanipa, akanambia na mama yake anatumia. Natia Jumamosi, Jumatatu na Alkhamisi, siku za kukumbuka. Wiki ya pili mchanga ulipungua. Wiki hii nimekaa kwenye daladala kama watu. Mkojo umetulia. Lile jengine bado sijalijaribu na sina haraka, tumefunga mkataba kama wa Mchuma Karafuu, tumeupa miezi miwili.

Somo nilimrudishia shabu yake nikamweleza habari ya vidonge. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Akasema wakati wao hayo hayakuwepo, na hilo neno aromatasi akalirudia mara mbili kama jina la mkwe mpya. Kisha akaniuliza kama hayo mafuta ya zeituni yanafaa na magoti.

Bwana nilimpa simu asome. Alisoma usiku, polepole, anasukuma kwa kidole kimoja, alipofika kwa Baba Watatu akarudi juu akaanza tena. Hakusema kitu, akatoka kufunga mlango wa mbele. Aliporudi alikuwa na mto wake. Anasema mbu wamezidi barazani. Sikumuuliza zaidi.